Banda la Uyoga Mafia: Joto, Unyevu na Harufu Vina Njia Moja ya Kutokea

Ukifungua alfajiri chumba cha giza, ambamo mifuko ya uyoga hulelewa kabla ya kuchipua, ukapokewa na harufu tamu ya nazi, kagua mifuko yako mmoja baada ya mwingine kabla hujashika kazi nyingine. Baadhi ya jamii za kuvu ya kijani, ile ambayo wanasayansi huiita Trichoderma na ambayo wakulima wa uyoga duniani kote wanaiogopa, hutoa kemikali yenye harufu ya nazi. Kemikali hiyo hiyo hutengenezwa viwandani ili kunukisha vyakula. Kwa mkulima wa Njombe, harufu ya nazi bandani ni ngeni, naye atashtuka. Mkulima wa Mafia anaweza asishtuke hata kidogo. Kisiwa chote ni minazi, pipa analochemshia mabua ya kujaza mifuko huchochewa kwa makumbi na vifuu, na pengine mifuko yenyewe imejazwa makumbi yaliyosagwa. Pua inasema nazi, akili inajibu kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Siku chache baadaye madoa ya kijani yanajitokeza, na mifuko hiyo haiokoki tena.

Naanza na harufu kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Mtu anayepanga kujenga banda la uyoga Kilindoni, Kirongwe au Utende huulizia kwanza joto, halafu maji, na harufu huiweka mwisho kama kero ya majirani. Hoja yangu ni kwamba joto, unyevu na harufu vinazaliwa pamoja na vinatoka kwa njia moja, yaani hewa inayopita. Mafia ina upepo wa kutosha kuifanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka, ila ujenzi na uchaguzi wa aina ya uyoga vifuate tabia ya kisiwa. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyanda za juu, au kwa ajili ya nchi za baridi, yakihamishwa hapa kama yalivyo, yatamtia mkulima hasara.

Maelekezo ya nchi za baridi

Ulaya na Amerika ya Kaskazini wapo watu wengi wanaokuza mimea ndani ya mahema madogo yenye kitambaa kinachong'aa kwa ndani. Taa inaning'inia juu, feni inavuta hewa ya moto, na hewa hiyo inapitishwa kwenye chujio la mkaa ili harufu isiwafikie majirani. Maarifa yao mengi yanafika kwetu kwa video na vitabu, na mengine ni mazuri. Lakini mfumo wote unasimama juu ya sharti moja, kwamba hewa ya nje ni baridi na kavu kuliko ya ndani. Ukiitoa ya ndani, inayoingia inapoza bila gharama.

Mafia sharti hilo halipo. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, joto la mchana huzunguka nyuzi 30 na kupita, na usiku haushuki sana. Hewa imebeba unyevu wa bahari pande zote. Hewa ya nje inayoingizwa bandani inafika ikiwa na joto, na inafika ikiwa imelowa. Maswali yetu kwa hiyo ni tofauti: hewa hiyo tunaitaka kwa kazi gani, na ni kazi gani haiwezi kuifanya?

Uyoga unapumua

Uyoga hauli jua kama mchicha. Utando mweupe unaotanda ndani ya mfuko hula mabua kwa vimeng'enyo, na katika kula huko hupumua kama sisi. Huvuta oksijeni, hutoa hewa ukaa, maji na joto. Sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mabua huondoka kwa njia hiyo, na sehemu ndogo tu ndiyo inayofika sokoni ikiwa uyoga.

Kwa sababu hiyo, katikati ya mfuko kuna joto kuliko chumbani. Tofauti ya nyuzi 3 hadi 5 ni ya kawaida wakati utando unapotanda kwa kasi, na mifuko ikirundikwa hupanda zaidi. Uyoga mamama, ule wenye umbo la chaza unaolimwa zaidi nchini, hutanda vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 28. Ukivuka 32 unadhoofika, na ukikaribia 40 unakufa. Sasa chukua chumba chenye nyuzi 30 mchana wa Februari, ongeza nyuzi 4 za mfukoni: umefika 34. Hapo utando unaishiwa nguvu, lakini kuvu ya kijani na bakteria wapenda joto ndio kwanza wanachangamka. Mkulima anasema mbegu ilikuwa mbaya, kumbe mbegu ilipikwa.

Kipimajoto kinachoning'inia ukutani hakiwezi kumwambia hayo. Kinachofaa ni kipimajoto chenye ncha ndefu kinachochomwa katikati ya mfuko, kwenye mfuko mmoja wa chini, mmoja wa kati na mmoja wa juu. Kikisoma zaidi ya 30 katika chumba cha giza, panua nafasi kati ya mifuko siku hiyo hiyo. Mifuko inayoning'inizwa kwa kamba, au kupangwa safu moja kwenye chanja ya fito yenye upenyo wa kiganja kati ya mfuko na mfuko, hupoa kwa hewa inayopita kila upande. Mifuko iliyolundikwa kama magunia ya mbata bandarini haipoi.

Mkulima awe makini pia na anachotia mfukoni. Pumba za mpunga kidogo huongeza mavuno. Machicha ya nazi yanashawishi kwa kuwa hayana gharama, lakini yana mafuta na yana chakula kingi cha haraka. Yakizidi, mfuko hupata moto, mafuta huvunda, na bakteria hutangulia utando. Msimu wa kaskazi ningeyaacha kabisa.

Maji hayapozi kila mahali

Ushauri wa kwanza ambao mkulima hupewa banda linapopata moto ni kunyunyiza maji. Ushauri huo ni wa kweli Dodoma, na Mafia ni wa kweli nusu tu.

Maji hupoza kwa kuvukizwa, na hewa iliyokwisha kushiba unyevu haina nafasi ya kupokea mvuke. Chukua mchana wa nyuzi 30. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 35, kama ilivyo bara wakati wa kiangazi, kulowesha kunaweza kuishusha hadi karibu nyuzi 19. Hewa hiyo hiyo ya nyuzi 30 ikiwa na unyevu wa asilimia 80, kikomo ni karibu nyuzi 27. Bara umepata nyuzi 11, kisiwani umepata 3, na hizo 3 unazipata ukifanya kila kitu barabara.

Mkulima anaweza kujipimia mwenyewe bila mtambo. Anunue vipimajoto viwili vinavyofanana. Kimoja akiache kikavu, cha pili akifunge kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha, kisha avining'inize pamoja kivulini penye upepo kwa dakika kumi. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo mwisho wa upozaji ambao maji yanaweza kumpa saa hiyo. Ikiwa tofauti ni nyuzi 6 au 7, amwagie sakafu ya mchanga na kuta. Ikiwa ni 2 au 3, aache maji, afungue hewa na aangalie paa lake.

Maji yanayomwagwa bila hesabu yana madhara mengine. Uyoga unaochipua unataka unyevu wa asilimia 80 hadi 95 hewani, lakini kofia zake hazitaki kubaki zimelowa. Zikikaa na maji kwa saa nyingi, bakteria hupaka madoa ya manjano na kahawia, na uyoga wenye madoa hoteli haiupokei. Kanuni ninayoishikilia ni kunyunyiza mapema asubuhi, kisha kuacha hewa ipite mpaka kofia zionekane kavu ndani ya saa moja au mbili. Wakati wa masika, siku nyingi hakuna haja ya kunyunyiza kabisa.

Paa kwanza, feni baadaye

Hapa ndipo hesabu ndogo inamwokolea mtu fedha nyingi. Tuchukue banda la mita 4 kwa 6, urefu wa mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 60. Katika chumba cha mwanga, ambako uyoga unachipua, tunataka hewa yote ibadilike mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani mita za ujazo 240 hadi 360. Kiasi hicho kinatosha kuondoa hewa ukaa. Je, kinatosha kuondoa joto?

Mita za ujazo 360 kwa saa hubeba kama wati 120 tu kwa kila nyuzi moja ambayo ndani kumezidi nje. Bati kuukuu lililopigwa na jua la utosini linaweza kupeleka ndani wati 100 kwa kila mita ya mraba bila shida. Paa la mita 24 za mraba linaleta basi wati 2,400. Kama hewa hiyo pekee ndiyo ingekuwa mbebaji, ingebidi banda lipande nyuzi 20 juu ya joto la nje ili mizani ikae sawa. Hakuna feni ya bei ya mkulima mdogo itakayoshinda paa kama hilo. Joto linalopaswa kuzuiwa lisiingie ni kubwa mara nyingi kuliko lile linaloweza kutolewa.

Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Februari na Oktoba jua la mchana hupita karibu utosini, kwa hiyo paa ndilo linalopokea kipigo kuliko ukuta. Paa la makuti yaliyoezekwa kwa unene hufanya kazi ambayo bati haliwezi, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati ya kuti na kuti haipitishi joto upesi. Makuti yana upungufu wake. Yanaoza, yanaficha wadudu, na yanapozeeka yanaangusha vumbi lenye spora za kuvu juu ya mifuko. Dawa yake ni dari ya turubai au ya karatasi ya nailoni safi, inayofungwa chini ya makuti kwa mwinamo na kufutwa kwa maji yenye dawa ya klorini kila msimu.

Mwenye bati tayari asilibomoe. Alipake chokaa nyeupe juu, kisha aweke tabaka la makuti sentimeta kadhaa chini yake, na aache nafasi ile ya kati iwe wazi pande mbili ili upepo upite. Joto la bati litaondoka na upepo kabla halijafika bandani.

Kivuli cha minazi ni mali nyingine ambayo mkulima wa bara hana. Lakini banda lisikae chini ya mnazi unaozaa, kwa sababu nazi moja ikianguka inapasua paa, na mtu naye yumo ndani. Likae pale kivuli kinapofika saa za mchana bila nazi kufika.

Kaskazi, kusi na siku za shwari

Wengi wamefundishwa kuweka tundu juu ya paa ili hewa ya moto ipande na kutoka yenyewe. Ni sahihi, ila tuupime uzito wake. Ikiwa kati ya tundu la chini na la juu pana mita 2, na ndani kuna nyuzi 2 zaidi ya nje, msukumo unaopatikana ni mdogo sana. Upepo mwanana wa mita 3 kwa sekunde unaogonga ukuta una msukumo zaidi ya mara 30 ya huo. Tundu la juu ni la usiku na la siku za shwari. Kazi kubwa ni ya upepo.

Na upepo wa Mafia una adabu yake. Kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki, kusi hutoka kusini-mashariki. Pepo zote mbili kuu zinafikia kisiwa kutoka upande wa mashariki. Ushauri wa kawaida wa nchi za joto ni kulaza jengo mashariki kwenda magharibi ili kuta ndefu zisipigwe na jua la asubuhi na jioni. Chini ya kivuli cha minazi na migomba, mimi ningeuacha ushauri huo. Ningelaza banda kaskazini kwenda kusini, ukuta mrefu utazame mashariki, na upande wa magharibi ningeoteshea migomba kwa ajili ya jua la alasiri. Matundu ya kuingizia hewa yawe chini upande wa mashariki, ya kutolea yawe juu upande wa magharibi, ili hewa ipite kwenye mifuko yote kabla ya kutoka.

Ukubwa wa matundu unategemea wavu. Nzi wadogo weusi wa uyoga hupenya chandarua cha kawaida, hivyo panahitajika wavu wenye matundu madogo zaidi, na wavu wa namna hiyo unapunguza hewa kwa nusu au zaidi. Kwa banda letu la mfano, mita 1 ya mraba ya matundu kila upande ni mwanzo mzuri, na kila tundu liwe na mlango wa kuti au mkeka wa kufungwa kwa kamba. Kusi inapovuma kwa nguvu miezi ya Juni na Julai, milango hiyo hufungwa nusu, la sivyo upepo utakausha vichwa vya uyoga vingali vidogo. Wavu upigwe brashi na kuoshwa kwa maji baridi mara kwa mara, maana chumvi na vumbi huziba matundu pole pole, na mkulima huona uyoga umebadilika bila kujua ni kwa nini.

Uyoga wenyewe ndio utakaomwambia. Hewa ya kawaida ina hewa ukaa karibu sehemu 420 kwa milioni. Bandani ikipita 1,000, mamama huanza kurefusha mguu na kupunguza kofia, kana kwamba unanyoosha shingo kutafuta mahali pa kupumulia. Ukiona miguu mirefu na kofia ndogo kama kifungo, ongeza hewa.

Chumba cha giza hakina sharti hilo. Utando unaotanda huvumilia hewa ukaa nyingi kuliko maadui zake, na hewa inayoingia ovyo huleta spora za kuvu. Kule hewa inatakiwa kwa ajili ya joto tu. Ndiyo sababu vyumba hivi viwili visichanganywe kamwe katika kisiwa chenye joto. Kimoja kinataka kufungwa, kingine kinataka kufunguliwa, na anayevichanganya huvikosesha vyote.

Zipo siku za maleleji, kati ya msimu na msimu, ambapo jani la mnazi halitikisiki. Kwa siku hizo feni ndogo za volti 12 zinazotumia sola zinafaa. Feni ya upana wa sentimeta 12, ya aina inayofungwa kwenye kompyuta, husukuma kama mita za ujazo 100 kwa saa isipozuiwa na kitu, kwa umeme wa wati chache. Tatu au nne zinatosha kusogeza hewa. Mafia imeishi miaka mingi kwa umeme wa mashine za dizeli, nje ya gridi ya taifa, na banda ambalo mazao yake yanakufa umeme ukikatika halikupangwa vizuri. Feni iwe msaidizi wa siku za shwari, si nguzo ya banda. Na ichaguliwe inayovumilia chumvi, kwa sababu hewa ya bahari hula waya na skrubu kwa kasi.

Panda uyoga unaolingana na msimu

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko yote. Tunahangaika kupoza banda kwa sababu tumeamua mapema kwamba uyoga ni mamama, tena mamama wa aina inayopenda ubaridi.

Jamii ya mamama ina aina nyingi. Ile ya kijivu ya nchi za baridi huchipua vizuri chini ya nyuzi 20, na Mafia haina siku hizo. Aina ya sajor-caju huchipua kwenye nyuzi 20 hadi 28. Aina za waridi na za manjano hufika 30. Mkulima wa pwani anaponunua mbegu aulize jina la aina na joto lake, na muuzaji asiyeweza kujibu asiaminiwe.

Zaidi ya hapo kuna uyoga wa mabua ya mpunga, Volvariella volvacea, ambao unalimwa tangu zamani kusini mwa China na Asia ya kusini-mashariki. Utando wake unapenda nyuzi 30 hadi 35, na huchipua karibu na 30. Joto linalodhoofisha mamama ndilo linaloulea huu. Nao si mgeni kwetu. Mwaka 2008, Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Cuff walichapisha matokeo ya kulima uyoga wa porini wa Tanzania wa aina tatu juu ya masalia ya mkonge yaliyovundikwa, na Volvariella ulikuwa mmojawapo. Ujuzi basi upo nchini kwetu.

Nisiusifu kupita kiasi. Mavuno yake ni madogo: kilo 10 hadi 15 kwa kila kilo 100 za mabua makavu, wakati mamama iliyotunzwa hufika 60 hadi 100. Huchumwa ungali umefungwa kama yai, mara mbili au zaidi kwa siku, kwa sababu hufunguka ndani ya saa chache. Na haupendi friji. Ukiuweka kwenye ubaridi wa nyuzi 4 unayeyuka na kutoa maji. Ni uyoga wa kuuza siku ile ile, karibu na pale ulipochumwa.

Lakini tazama kalenda ya Mafia. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, na wageni huja kwa wingi kipindi hicho. Hoteli za Utende na Chole zinahitaji mboga hasa wakati banda linapowaka moto, na wakati wa masika hoteli nyingi hufunga. Anayelima mamama pekee ana uyoga mzuri Julai na uyoga mbaya Februari, wakati mnunuzi yupo. Mpango wenye akili ni mamama ya joto la wastani kuanzia Juni hadi Septemba, na uyoga wa mabua, pamoja na mamama ya waridi, miezi ya kaskazi. Mabua ya mpunga na majani makavu ya migomba yapo, na safari ya kutoka shambani hadi jikoni mwa hoteli ni fupi, jambo linalofuta udhaifu mkubwa wa Volvariella.

Harufu ni taarifa

Banda zima lina harufu nyepesi ya udongo wa msituni baada ya mvua, na mamama ikikomaa hutoa utamu kidogo. Harufu nyingine zote zina maana, na mkulima ajifunze kuzisoma.

Ukali unaochoma pua kama mkojo uliolala ni amonia. Malighafi haijaiva, au samadi na pumba zimezidi. Usipande mpaka harufu hiyo iishe, kwa kuwa amonia hudhuru utando. Harufu ya yai bovu au ya tope la mikoko inasema ndani ya mfuko hakuna oksijeni: mabua yalijazwa yakiwa yanachuruzika maji. Kamua kiganjani kabla ya kujaza. Yakitoa matone machache ni sawa, yakitiririka yaache yachuje. Harufu ya tembo lililochacha ni ya hamira na bakteria walioponea kwenye pipa, kwa hiyo moto uongezwe au muda urefushwe. Shombo ni ya uyoga uliooza mahali ambapo hukuuona. Na harufu ya nazi nimeshaieleza.

Ndiyo maana napinga kuziba harufu kwa ubani, udi au dawa za kupulizia. Kuifunika ni kuzima kengele moto ungali unawaka.

Vipi chujio la mkaa? Hapa kuna jambo linalosikitisha. Vifuu vya nazi ni malighafi bora kabisa ya mkaa wa kuchujia hewa na maji duniani. Lakini mkaa wa kawaida wa vifuu hauna nguvu hiyo. Lazima upitishwe kwenye mvuke wenye joto la nyuzi 800 au zaidi ili ufunguke matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Na hata huo uliopitishwa, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80 matundu yake hujaa maji na uwezo wake hushuka, huku amonia ukiikamata kidogo sana. Chumba cha uyoga kina unyevu kuliko hapo. Chujio la hema la Ulaya likifungwa kwenye banda la Mafia litaminya hewa bila kuisafisha.

Dawa ya harufu ya jirani ni mpangilio. Kwa kuwa pepo kuu zote zinatoka upande wa mashariki, lundo la mifuko iliyochoka, pipa la kuchemshia na mahali pa kuvundikia mabua vikae magharibi ya banda, mbali na nyumba zilizo upande huo. Banda la kuku lisikae mashariki yake hata kidogo, maana amonia itasafiri na upepo hadi kwenye mifuko. Mifuko iliyomaliza kuzaa itolewe siku hiyo na kufukiwa kwenye shimo la mboji. Itarutubisha mchanga wa kisiwa, na haitakuwa mazalio ya nzi.

Mapafu ya anayechuma

Kuna jambo moja la hewa ambalo halina harufu. Mamama hutoa spora kwa mamilioni, vumbi jeupe linaloelea na kutua kwenye kila kitu. Anayelivuta kila siku katika chumba kisichopitisha hewa anaweza kupata kikohozi, homa za jioni na kifua kubana, ugonjwa wa mapafu unaojulikana kwa wafanyakazi wa mashamba ya uyoga. Wanaochuma mara nyingi ni akina mama, na mara nyingi wana mtoto mgongoni. Fungua matundu yote nusu saa kabla ya kuingia, vaa barakoa, chuma kofia zikiwa bado zimejikunja pembeni kabla hazijatandaa na kumwaga spora, na mtoto abaki nje. Uyoga uliochumwa mapema hivyo pia hudumu zaidi sokoni. Afya na bei vinakubaliana.

Fedha iende wapi

Mtu akiniuliza agawe vipi fedha zake za banda la kwanza Mafia, namjibu kwa mpangilio huu: paa na kivuli kwanza, mbegu ya aina inayofaa msimu pili, wavu mzuri na milango ya matundu tatu, vipimajoto nne. Feni za sola zije mwisho, baada ya kuona banda lilivyopita kaskazi moja na kusi moja.

Kwa halmashauri ya wilaya na kwa watafiti wa kilimo nina ombi lililo wazi. Kikundi cha akina mama wa Baleni au Jibondo kinapopewa mafunzo ya uyoga, kipewe mbegu iliyojaribiwa kwenye joto la pwani na kalenda inayofuata kaskazi na kusi. Utafiti wa aina zetu za asili zinazopenda joto ulianza zamani katika chuo chetu wenyewe. Sasa utoke maabara, ujaribiwe chini ya minazi kwa misimu miwili kamili, na takwimu za joto la katikati ya mfuko ziandikwe na wakulima wenyewe kwenye daftari. Kikundi chenye daftari hilo hakitamlaumu muuzaji wa mbegu bila sababu, wala hakitamwacha akiwa na kosa kweli.